Mlango wa Mama Mikononi mwa Mtani

Mtani wangu aliuchukua mlango wa gari la marehemu baba mchana kweupe, akaubeba begani huku akiimba, na mji mzima wa Tabora unaniambia kwamba huo si wizi. Nimekwishauliza. Nimemuuliza mwenyekiti wa mtaa, nimewauliza walimu wenzangu chuoni, nimemuuliza mchungaji, ambaye alicheka mpaka akavua miwani. Wote wananijibu kwa sauti ile ile ya kumbembeleza mtoto: si mtani wako? Ndiyo, ni mtani wangu. Yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi. Kwa kuwa babu zangu walibeba pembe za ndovu za watu kutoka huku mpaka Pwani, wakapita kwa babu zake, wakagombana nao, kisha wakapatana nao, leo jirani huyu ana ruhusa ya kupita mbele ya nyumba yangu na kuondoka na kitu, nami nina wajibu wa kucheka. Sikucheka. Naandika haya kwa sababu sijacheka bado.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, lenye mgongo mrefu na safu tatu za viti, la aina iliyokuwa ikibeba abiria kati ya miji ya mikoani nilipokuwa shule ya msingi. Baba alikuwa bwana shamba. Alilinunua likiwa limekwisha kumchosha mtu mwingine, akaliendesha mpaka akachoka yeye. Kazi ilimpeleka mara kwa mara upande wa Uvinza, na kila aliporudi alileta chumvi. Gunia la shangazi, gunia la mjomba, gunia la kanisa, gunia la mtu aliyekutana naye njiani akamwahidi. Nyuma kulipojaa, gunia moja lilikaa mbele, miguuni kwa mama, limeegemea mlango wa kushoto, na mama akasafiri miaka yote ile magoti yakiwa yamepanda karibu na kidevu. Baba alijivunia sana chumvi hiyo. Alipenda kusema kwamba ilipita njia hii kabla ya lami na kabla ya reli, vichwani mwa watu. Kuhusu kile ilichokuwa inakifanya chini ya zulia la gari, hakusema neno.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba gari limeliwa na kutu. Kutu, Tabora? Mji huu hauna bahari. Hapa kitu kikiachwa nje hufa kwa jua na vumbi, si kwa unyevu. Kutu yetu tuliifuata wenyewe, tukailipia, tukaileta nyumbani kwa gunia. Na mimi, ambaye nafundisha vijana historia ya njia ile ile ya misafara, niligundua jambo hilo siku nilipoinua zulia upande wa mama na kuwaona kuku wakipita chini ya gari. Niliwaona kupitia sakafu.

Baba alipofariki gari lilibaki chini ya banda, nyumbani kwa mama, mtaa wa Mtendeni, ambako nami nimerudi kuishi tangu macho yake yalipoanza kudhoofika. Mke wangu anafanya kazi Nzega na huja mwisho wa juma. Kuku walihamia viti vya mbele. Mama hakusema kitu, mpaka siku moja aliposimama mlangoni mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, mizani imening'inia ubavuni.

"Na hili mama mnaliuza?" aliuliza, akilipiga gari teke dogo la kitaalamu kwenye gurudumu.

"Njoo baada ya Krismasi," mama alimjibu.

Alipoondoka nikamuuliza mama, "Mayu, kwani Krismasi kuna nini?"

"Krismasi naenda kanisani ndani ya gari la baba yako, nimekaa mahali pangu. Nikienda kwa miguu, au ukinipakia kwenye bajaji, yule bwana akirudi alichukue, alikate, alipime. Nimechoka kuangalia kuku wanaketi nilipokuwa naketi mimi."

Mama ni Mmoravian wa zamani. Akisema jambo hivyo huwa amekwisha kulimaliza kwa Mungu, na sisi tunapewa taarifa.

Injini haikuwa na neno. Fundi mmoja aliisafisha, akabadilisha mipira na betri, ikaunguruma kama inayokohoa baada ya usingizi mrefu. Tatizo lilikuwa bodi. Hapo ndipo niliposema maneno niliyokuja kuyajutia: nitaifanya mwenyewe, hapa nyumbani. Nilikuwa nimetazama video nyingi kwenye simu. Nilinunua grainda, brashi za waya, msasa wa kila namna na miwani mikubwa ya kukinga macho. Siku ya kwanza nilipoivaa, jirani aliniuliza kama naenda kupulizia dawa tumbaku. Mikono yangu imezoea chaki. Baada ya wiki moja ya kushika grainda nilikuwa naandika ubaoni kama mtu anayeandika akiwa juu ya farasi, na wanafunzi wangu, kwa heshima, walinakili hivyo hivyo.

Lakini nilijifunza jambo moja, na jambo hilo nililishika kwa ukali wa mtu aliyeokoka juzi: kutu haifunikwi. Inakatwa. Unaifuata mpaka ukikute chuma kinachong'aa, hata kama tundu la ukubwa wa shilingi litageuka kuwa la ukubwa wa sahani, kisha unachomelea chuma kipya. Ukibakiza kidogo umeibakiza yote.

Hakuna aliyetaka kusikia. Kila aliyepita alisimama, akatazama, akatoa ushauri mmoja. "Mwalimu, si unaweka puti tu?" Mwendesha bodaboda alisema puti. Katekista wa Wakatoliki wa mtaa wa pili, mtu ambaye hana hata baiskeli, alisema puti. Mke wangu aliposhuka kwenye basi kutoka Nzega, kabla hajaweka mkoba chini, alisema puti. Puti ni ule uji mzito unaochanganywa na dawa yake, unaokandikwa juu ya tundu, ukikauka unasuguliwa na kupakwa rangi, na tundu halionekani tena. Halionekani! Hiyo ndiyo sifa yake yote. Nimeishi miaka zaidi ya hamsini katika nchi hii na sasa nikiangalia nyuma naona puti kila mahali. Barabara inachimbika, tunaijaza kifusi asubuhi ya mgeni kufika. Darasa linapasuka, tunalipaka chokaa. Mwanafunzi hajui kitu, tunampa alama za huruma avuke. Nilikuwa nasema haya yote kwa sauti, chini ya gari, nimelala chali, na waliokuwa wanapita waliona miguu tu inahutubia.

Sakafu niliimaliza. Fundi wa kuchomelea wa Gongoni alikuja na mashine yake, nikakata mimi, akaunganisha yeye. Ukabaki mlango wa mbele wa kushoto, mlango wa mama, ambao gunia liliuegemea miaka yote. Ukingo wake wa chini ulikuwa umekuwa kama biskuti iliyolowa. Niliukata, tukachomelea ukanda mpya. Nikatoboa upya vile vitundu vya chini. Vitundu hivyo ndivyo nitakavyoviapia mpaka kaburini. Kila mlango wa gari hupitisha maji pembeni mwa kioo, maji hushuka ndani kwa ndani, na hutoka kwa vitundu vidogo vilivyoachwa chini. Vya mlango huu vilikuwa vimezibwa na chumvi na tope, maji yakakaa, mlango ukaoza. Hiyo ndiyo hadithi nzima.

Nje niliupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ndani, kwenye maungio, niliacha chuma kitupu. Palihitaji kusuguliwa mara moja zaidi na kupakwa dawa, kisha ningeyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya injini niimimine mle ndani ienee kila pembe. Nta kwetu si kitu cha kutafuta. Nilikwisha kupata kipande kikubwa kama tofali. Nikauegemeza mlango ukutani, upande wa barabarani ambako jua ni kali, nikaenda kufundisha kipindi changu. Niliporudi ukuta ulikuwa peke yake.

Mtani wangu ni mstaafu wa reli. Alikuja Tabora kijana, akaoa hapa, akajenga nyumba ya tatu kutoka kwetu, na hajawahi kukubali kwamba amehama Pwani. Humwita mama "mke wangu", na mama, ambaye haruhusu mtu acheke ndani ya ibada, humwitikia. Ni mkubwa kwangu kwa umri. Kwa hiyo hata ninapokwenda kumgombeza, ni lazima nianze na shikamoo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mpagazi." Alikuwa amekaa barazani, fulana na msuli, anakunywa chai. "Leo umeleta mzigo gani?"

"Nimekuja kuchukua mlango wangu."

"Mlango gani tena?"

"Uliouchukua mchana huku watu wote wakikuona."

"Aa, ule! Ule nimeuokota. Nimekuta mzigo uko kando ya njia, mpagazi hayupo, kalala au kakimbia. Kwa desturi ya babu zangu mzigo ulioachwa njiani ni wa wenye njia. Lakini wewe ndiye mwalimu wa misafara. Nisahihishe."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumsahihisha. "Wenye njia walikuwa wanadai hongo ili msafara upite, tena hiyo zaidi ilikuwa kwa watemi wa—"

"Sikia!" aliita ndani. "Mama watoto, njoo usikie, ameanza kipindi!" Mkewe akatoka na ungo wake wa choroko, akaketi kizingitini kutazama. "Haya, umesema mwenyewe hongo. Niletee jogoo. Uje naye umempakata, usimame pale, useme, bwana mkubwa naomba kupita."

"Mzee, tusitanie. Mlango ule bado mbichi. Ndani kuna chuma kitupu, mvua ziko karibu. Ukikaa na unyevu kutu inarudi pale pale."

"Mbichi? Mama watoto, anasema mbichi. Tuurudishe jikoni?"

Mkewe alicheka hadi choroko zikamwagika. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kabila langu hatakiwi kulifanya hata akiwa mlevi. Nilikasirika. Nilisema, kwa sauti ya ofisini, "Huu ni wizi."

Mkewe aliacha kuokota choroko. Yeye mwenyewe aliweka kikombe chini taratibu, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijawahi kumpa mtu yeyote maishani, hata mke wangu.

"Kakasirika," alisema. "Sasa ni majogoo wawili."

Niende wapi? Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimweleza kwa utaratibu: mali, mahali, mashahidi. Akanisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Huyo bwana kabila gani?"

"Mzaramo."

"Na wewe?"

"Unanijua."

Aliegemea kiti. "Mwalimu, nilipomzika baba yangu watani waliingia kaburini wakalala mle ndani, wakasema hawatoki mpaka walipwe. Mchungaji amesimama na Biblia mkononi, jua linazama, jeneza linasubiri. Nilikasirika mimi? Wewe mlango tu. Wa gari. Tena bovu."

Nilirudi nyumbani naongea peke yangu. Sikuwa nalalamikia mlango peke yake. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza jinsi watu wote walivyokuwa wamekubaliana, bila kikao, kwamba kuna siku ambazo mtu mzima anaweza kutendewa lolote na asiwe na mahali pa kusemea. Tunasifu utani kwa wageni. Tunasema ndio uliotuzuia tusichinjane. Mimi mwenyewe nimelifundisha jambo hilo, kwa mifano, na wanafunzi wakaandika. Sikuwahi kufikiria kwamba amani yote hiyo inalipiwa na mtu fulani aliyesimama uani hana mlango.

"Mpe majogoo," mama alisema. "Ninao wengi wasio na kazi."

"Si suala la majogoo, Mayu. Ni suala la kanuni."

"Kanuni hiyo ina viti? Itanifikisha kanisani?"

Nikakaa na kanuni yangu. Sokoni wauza nyanya walianza kuniita mpagazi. Mvua ya kwanza ikaja, ile kubwa inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono, nami nikasimama dirishani nikiwaza maungio yangu, chuma kitupu, mahali nisipopajua, yanavyopata rangi ya chai. Nilipita mara kadhaa mbele ya nyumba ya yule bwana nikijifanya naenda dukani. Mlango sikuuona. Mama naye aliacha kuniuliza habari za gari. Siku moja nilimkuta amekwenda mwenyewe bandani, akiongozwa na fimbo, ameketi mbele, upande wake, mahali pasipo na mlango, anatazama ukuta. Desemba ilikuwa imekwisha kuanza.

Nikawakamata majogoo.

Nilisimama pale aliposema nisimame, nimepakata mmoja kila kwapa, nikasema bwana mkubwa naomba kupita. Majirani walitoka kushuhudia. Alipokea majogoo kwa mikono miwili, akawakagua miguu, akasema mmoja anafanana na mjomba wangu. Kisha hakuingia ndani kuleta mlango. Alivaa kanzu, akaniambia nimfuate, tukaenda mpaka Gongoni, nyuma ya maduka, kwa kijana mmoja anayepuliza rangi magari. Kitu kilikuwa kimesimama pale kimefunikwa shuka. Akaifunua shuka kama mtu anayemtoa bi harusi.

Mlango ulikuwa wa bluu. Ile bluu yenyewe, ya gari lilipokuwa jipya kwetu, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau kwa sababu ya miaka ya vumbi. Ulikuwa unang'aa hadi nikauona uso wangu, umevimba, unataka kulia au kuua.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Nimekumalizia," alisema. Na alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo lililonichoma. Hapakuwa na utani usoni pake hata kidogo; alikuwa ananitazama kama mtu aliyeleta zawadi. "Nimeona unahangaika. Unasugua, unakata, unasugua. Krismasi inaingia. Mke wangu anataka kwenda kanisani, wewe unataka kwenda maabara."

Niligonga chini ya kitasa. Ngo. Nikashuka. Ngo. Nikafika kwenye ukanda wangu mpya, mahali pa maungio, nikagonga tena. Du. Sauti ya kugonga ugali uliolala.

"Mmeweka puti."

"Kidogo. Pale palikuwa na makovu."

Niliuinamisha mlango nitazame chini, kwenye vitundu vyangu. Havikuwapo. Palikuwa laini kama shavu.

"Mmeziba matundu!"

"Si wewe uliyesema matundu ndiyo ugonjwa?"

"Matundu ya kutu ndiyo ugonjwa! Haya ni ya kutolea maji!"

Akamgeukia kijana wa rangi. "Umesikia? Wasomi wana matundu mazuri na matundu mabaya. Sisi tukiona tundu tunaziba."

Walinibebesha mlango mimi mwenyewe. Desturi, walisema; mpagazi hatembei mikono mitupu. Nilivuka Gongoni yote nikiwa na mlango begani, rangi ikiwa bado na harufu, na mbele yangu Mzaramo amevaa kanzu, akipisha watu njia. Nilikuwa nimekwisha kupanga la kufanya: ningefika, ningechukua grainda, ningeitoa ile rangi na puti yote mpaka kwenye chuma, ningeanza upya. Krismasi isingewahiwa. Basi isiwahiwe. Ningeliokoa gari kwa njia ya kweli au lisiokolewe kabisa.

Mama alikuwa uani. Macho yake hayaoni vizuri mbali, lakini aliiona bluu ile kabla hajaniona mimi. Alisimama. Akaja bila fimbo. Akaweka kiganja juu ya mlango, akakipitisha kutoka kwenye kioo hadi chini, polepole, mpaka pale penye puti, akapapasa napo.

"Lilikuwa hivi," alisema. "Alipokuja nalo mara ya kwanza kunichukua kwetu, nilikokwenda kusalimia, lilikuwa hivi hivi."

"Mayu, ndani kuna kutu. Wamefunika tu. Nikiipaka nta ndani bila kutoa—"

"Utaiondoa rangi?"

"Ni lazima."

"Kabla sijapanda?"

Niliuegemeza mlango ubavuni mwa gari.

"Ukiugusa mlango huu kabla sijapanda, nitamwita mtu wa mizani mwenyewe. Leo."

Nimesoma vyuo viwili. Nimebishana na maprofesa. Niliufunga mlango kwenye bawaba zake, nikakaza skrubu, nikaufunga na kuufungua, na ukaitika vizuri sana, jambo lililonikasirisha zaidi.

Krismasi iliamka na mvua. Ilikuwa imenyesha tangu jioni na bati la banda linavuja upande ule ule wa kushoto, kwa hiyo mlango ulikuwa umeoga usiku kucha. Mama alipanda amevaa kitenge chake cha umoja wa kina mama, kitambaa cheupe kichwani, Biblia mapajani, miguu ameinyoosha mbele, kwa sababu safari hii hapakuwa na gunia. Gari likaondoka. Kwenye kona ya kwanza tukasikia: chwaaa. Kitu kimehama kutoka mbele kwenda nyuma. Kona ya pili kikarudi: chwaaa.

"Nani kaweka mtungi humu?" mama aliuliza.

"Ni maji, Mayu. Yamo ndani ya mlango."

"Yameingiaje?"

"Kwa pembeni mwa kioo."

"Na kwa nini hayatoki?"

"Muulize mume wako."

Tulikwenda mpaka kanisani na bahari yetu ndogo, ikipanda na kushuka ubavuni mwake, na yeye amekaa wima kama picha. Nilipoegesha sikuweza kuvumilia tena. Nilizunguka upande wake na bisibisi, nikapiga magoti kwenye tope, na suti, mbele ya washarika wote, nikachoma ile puti mahali nilipojua kwamba vitundu vyangu viko. Kimoja kikafunguka. Maji yakatoka kwa nguvu, mekundu, mekundu kabisa, yakaniingia kwenye mikono ya koti na kwenye viatu.

"Mwalimu," alisema mama mmoja wa kwaya, "gari linatoka damu?"

"Ni kutu!" nilisema. "Mnaiona? Ni kutu! Hii ndiyo niliyokuwa nasema!" Nilisema kwa sauti kubwa. Nilisema na mengine, kuhusu puti, kuhusu kufunikafunika, naamini niligusa hata barabara. Nilikuwa na ushahidi unaotiririka. Niliinua uso kuona kama wameelewa. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Walikuwa wanamtazama mama, ambaye alikuwa ameshuka na kusimama kando ya mlango wa bluu, mkono mmoja juu yake, hana haraka ya kuingia ndani. Wazee waliomjua baba walikuja mmoja mmoja. Walimpa mkono, kisha wakaligusa gari. Alisimama pale mpaka kengele ilipolia mara ya pili.

Mchana Mzaramo alikuja kula pilau ya Krismasi, kanzu imepigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa. Nilimweleza kuhusu maji. Nilimwonyesha koti.

"Kwa hiyo lilifika," alisema.

"Lilifika, lakini ule mlango—"

"Mke wangu, lilifika?"

"Lilifika," mama alisema, akimwongezea nyama.

Mtu wa mizani naye alikuja, kama alivyoambiwa. Mama alimtokea mlangoni mwenyewe. "Nenda salama, baba. Lina safari." Ndivyo gari lilivyopona, na kilicholiponya ni kitu kile kile nilichokilaani tangu mwanzo, nikiwa nimelala chali chini yake. Bila ule uongo wa bluu mama asingepanda. Bila mama kupanda, sasa hivi lingekuwa vipande. Nalijua hilo. Nimelizunguka pande zote nikitafuta mahali pa kutokea sijapaona, na bado nasema ulikuwa wizi, na bado nasema puti ni dhambi.

Mwaka Mpya ulipopita nilimwomba mama ruhusa, akanipa. Nikautoa mlango, nikavaa miwani, nikawasha grainda. Vumbi la bluu lilinijaa ndevuni. Chini ya rangi kulikuwa na puti, na chini ya puti, kwenye maungio, ilikuwapo, mbichi, ya rangi ya machungwa, imekwisha kutafuna mpaka ukanda mpya. Sikuwahi kufurahi hivyo kuiona. Nilizima mashine nikamwita mama. Alikuja, akainama, akasogeza macho karibu nayo, akaigusa, akatazama kidole.

"Naam," alisema. "Ni kutu."

"Unaona!"

"Naona. Kwani nani alikuwa anabisha?"

Nilifikiria. Hakuna aliyebisha. Hakuna hata mmoja, tangu siku ya kwanza, aliyeniambia kwamba kutu haimo.

Mtani alipopita jioni aliutazama mlango, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nilikupa mzima," alisema, kisha akaangalia ukuta wa nje, akapima kwa macho.

Tangu siku ile nafanyia kazi sebuleni. Mlango umelala juu ya magazeti kati ya makochi, nta naiyeyushia jikoni, na nyumba nzima inanuka nyuki na mafuta ya injini. Wageni wanakunywa chai miguu wameikunja. Mama huupita kwa kupapasa na fimbo, anaugonga kidogo, anasikiliza, na hasemi kitu isipokuwa jana, aliponiuliza kama najua Pasaka mwaka huu inaangukia lini.